Simu Yenye Afya ya Asilimia Mia

Binti yetu mkubwa alipopangiwa chuo Dodoma, godoro lilipatikana siku hiyohiyo, ndoo na pasi zikafuata. Kilichotutoa jasho ni simu. Kikao kilifanyika sebuleni baada ya chakula cha usiku, na kila mwenye sauti ndani ya nyumba alisema lake.

Baba watoto alishika msimamo wake mapema: kitu kipya ni kitu kipya. Twende dukani, tuchukue Samsung ya laki nne na nusu, boksi lifunguliwe mbele yetu, mambo yaishe. Dada, ndivyo tunavyomwita sote kwa ajili ya wadogo zake, alitaka iPhone 11. Alikuwa amejiandaa kwa kikao kama mtu anayekwenda kutetea shamba. Alisema simu hiyo ilitoka Septemba 2019, na kwamba toleo la iOS la mwaka 2025 liliziacha XR na XS lakini 11 bado imo. Alisema simu mpya za bei ya chini huanza kuwa nzito kabla mwaka wa pili haujaisha, na yeye anakwenda kusoma miaka mitatu. Kisha akasema lile ambalo baba yake hakutaka kulisikia: kwamba ya kwake haitakuwa mpya, itakuwa rifabishi, yaani iliyotumika ikakarabatiwa, na bei yake ni laki tano na nusu.

"Yaani tuongeze laki moja ili tupate kilichochakaa?" Baba watoto aliuliza.

Mimi nilikuwa upande wa Dada, na baada ya yote yaliyotokea bado niko upande huo. Simu nzuri iliyotumika miaka mitatu mara nyingi ina kamera, chipu na umbo bora kuliko simu mpya ya bei ileile. Tena kuna jambo ambalo hatulisemi tukiwa dukani. Sehemu kubwa ya uchafuzi unaosababishwa na simu hutokea wakati wa kuitengeneza, kabla hata mtu hajaiwasha. Kobalti iliyo ndani ya betri hizi kwa wingi inatoka Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, inakochimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, wengine kwa mikono, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo. Simu ikitumika miaka saba badala ya miwili, jasho la watu wale limethaminiwa. Nililisema hilo kikaoni. Bibi, mama yake Baba watoto, alitikisa kichwa na kusema, "Hilo neno."

Bibi hakuwa mtu wa kupuuzwa katika shauri la ununuzi. Ameuza khanga Kariakoo tangu Baba watoto akiwa mdogo, na hata leo hainunuliwi nguo ndani ya nyumba hii kabla hajaishika pindo. Alitoa sharti moja tu: kwamba yeye naye atakwenda dukani. Msemaji wa safari akawa shemeji yangu, ambaye watoto wanamwita Baba mdogo, kwa kuwa ana jamaa yake kwenye maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kila familia ya Dar es Salaam ina mtu mwenye jamaa yake Mtaa wa Aggrey.

Siku ile nilikuwa kazini, kwa hiyo habari za dukani nilizipata kwa Bibi, na Bibi husimulia bila kuruka. Jamaa wa Baba mdogo aliwapokea kwa soda. Simu ikatolewa ikiwa ndani ya boksi jeupe lililofungwa nailoni, inang'aa, haina mkwaruzo. Kijana wa duka akafungua sehemu ya betri, akaonyesha: afya ya betri, asilimia 100. "Hii ni klini, haijaguswa," akasema. Baba mdogo akaitikia kama shahidi. Dada alikuwa ameshaipenda na macho yake hayakuwa tena ya mnunuzi.

Bibi ndiye aliyeleta ubishi. Kijana alisema kuna bei ya risiti na bei isiyo ya risiti, tofauti ni elfu thelathini. Bibi akamwambia hajawahi kununua mali ya laki tano kwa mdomo, na sheria ya kodi inamtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai, kwa hiyo bei ni moja. Ubishi ule ulikula nusu saa. Mwisho risiti ya mashine ikatoka, lakini imeandikwa "simu" tu. Bibi akairudisha. Alitaka na ile namba ya simu yenyewe iandikwe, ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Aliifahamu namba hiyo tangu Juni 2016, usiku ule Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchini, na simu ya biashara yake ikaamka imekufa. Kijana akaandika tarakimu zote 15 kwa kalamu mgongoni mwa risiti, akagonga muhuri wa duka. Baba mdogo alimwomba radhi jamaa yake kwa usumbufu wa mama. Karatasi ile Bibi aliikunja, akaitia kwenye kipochi chake cha khanga, na safari ikaisha.

Siku za mwanzo nyumba ilijaa furaha. Dada alipiga picha ya kila kitu: kuku, mlango, Bibi akiswali, mimi nikikaanga samaki. Halafu tukaanza kuona jambo. Simu ilikuwa inatoka kwenye chaji asubuhi ikiwa imejaa, na adhuhuri inalia njaa. Ikifika asilimia arobaini hivi, inazima ghafla kama taa umeme wa LUKU unapoisha. Tukiiwasha, inasema bado ina arobaini. Tukiangalia afya ya betri, asilimia 100.

Sebule yetu ina soketi mbili zinazofanya kazi. Moja ni ya friji. Ya pili ilikuwa ya redio ya Bibi na chaja ya Baba watoto kwa zamu iliyoeleweka tangu zamani. Simu ya Dada ikaingia na kuvunja utaratibu wote. Redio ilichomolewa katikati ya taarifa ya habari. Waya wa chaja ulikatiza mlangoni, na kitindamimba wetu akaukanyaga akiwa na bakuli la uji, uji ukaenda kwenye zulia, zulia likaenda uani, na uani kulikuwa na nguo zangu za kazi. Baba watoto alinunua ekstensheni. Ekstensheni ikaleta ugomvi mpya wa nani anakaa karibu nayo. Ndani ya nyumba ambayo watu walizoea kukaa mkekani na kuzungumza, tukawa tumejipanga kando ya ukuta mmoja.

Na simu ilikuwa ya moto. Ukiishika baada ya kuzungumza kidogo, unahisi joto mpaka kwenye mfupa wa shavu. Baba mdogo, ambaye heshima yake ilikuwa imefungwa na simu ile, alikuja Jumamosi kuitibu. Alisema dawa ya joto ni baridi. Aliiweka kwenye friji, juu ya trei ya mayai, akatoka kwenda kuangalia mpira. Simu ilipotolewa ilikuwa imepoa kweli, lakini hewa ya Dar es Salaam ilivyo nzito, ikaanza kutoa jasho palepale, na ukungu ukaonekana ndani ya kioo cha kamera. Baba mdogo akasema dawa ya maji ni mchele. Akaizika kwenye ndoo ya mchele jikoni, hakumwambia mtu, akaenda zake.

Ninalieleza hili kwa kuwa katika nyumba nyingi watu wanaamini hivyohivyo. Apple wenyewe wanaonya watu wasiweke simu zao kwenye mchele, kwa sababu chembe zake ndogo zinaweza kuiharibu simu. Joto la betri nalo halitibiwi kwa friji, kwani baridi ya ghafla ndiyo inayozaa maji ndani. Lakini nani angejua simu iko ndani ya ndoo? Tuliitafuta mpaka magharibi. Dada alilia. Kila mtu alimtazama mwenzake. Tukaipigia, haiiti, maana ilikuwa imeshazima. Ilipatikana usiku, Bibi alipokuwa anachagua mchele wa wageni kwenye ungo, ikamjia mkononi katikati ya chuya na vijiwe.

Asubuhi yake kitindamimba alikuja chumbani kwangu akasema, "Mama, simu ya Dada inafungua mdomo."

Nilikwenda kuangalia. Kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja, na kwa ndani mwanga ulikuwa unapenya kwenye ufa. Betri ilikuwa imevimba. Baba mdogo, aliyeitwa kujibu mashtaka, alitaka kuibana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili irudi. Hapo Bibi alimpokonya mwanawe simu mkononi, akaitia kwenye sufuria, akaipeleka uani, akaifunika mchanga. Sufuria ile ni ya wali, na mpaka leo haijarudi jikoni. Lakini nasema wazi kwamba alifanya sawa. Betri ya lithiamu iliyovimba ina gesi ndani. Ukiibana, ukiitoboa au ukiichaji, inaweza kuwaka, na moto wake ni mkali. Kama iko kwenu hali hiyo, izime, iweke mahali pasipo na kitu cha kuungua, umpelekee fundi.

Fundi wetu yuko Tabata, kibanda chake hakina hata jina. Ni kijana mtulivu mwenye darubini ndogo ya mezani na taa. Aliifungua ile simu mbele yetu, mimi na Dada, na alitueleza kila alichokiona, kwa utaratibu, bila kumtukana mtu. Betri haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa ya bei ndogo kabisa, imeungwa na ile bodi ndogo ya betri ya zamani ili simu isilalamike kwamba imewekewa kitu kigeni. Halafu kuna kifaa ambacho mafundi wanacho, kinachoingia kwenye chipu ya betri na kuandika takwimu upya. Ile asilimia 100 ilikuwa imeandikwa na mtu.

"Lakini betri ya simu ya miaka hii yote haiwezi kuwa na mia," alisema fundi. "Labda iwe imebadilishwa, na kama imebadilishwa muuzaji aseme."

Nilimuuliza betri halali inapaswa kuwa vipi. Akasema Apple inakadiria betri ya iPhone 14 na zilizotangulia ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa na kumalizwa mara 500, na kuanzia iPhone 15 hesabu hiyo ni mara 1,000. Kwa hiyo simu ya mwaka 2019 au 2020 yenye 82, 84 au 79, hiyo inasema ukweli wake. Alituonyesha na kioo. Kwenye simu hii, ukivuta chini kutoka juu ya kioo na kushikilia sehemu ya mwanga, hukuti kile kitufe cha True Tone kinachorekebisha rangi kulingana na taa ya chumba. Hiyo ni dalili kwamba kioo kimebadilishwa na taarifa za kile cha zamani hazikuhamishwa. Hakuna ubaya kioo kubadilishwa. Kilichomchukiza yeye kama fundi ni lile neno "haijaguswa".

Kwenye kibanda kile, juu ya kiti cha plastiki, ndipo nilipoelewa njia nzima ya biashara hii. Mtu wa Marekani au Ulaya anarudisha simu yake ya zamani ili apunguziwe bei ya mpya. Simu hizo hukusanywa kwa maelfu, hupangwa kwa madaraja, A, B, C, na kuuzwa kwa mnada zikiwa fungu. Mafungu mengi hupita Deira, Dubai, ambako wafanyabiashara wetu huenda kuchagua. Vioo na betri za kutengenezea hutoka Huaqiangbei, mtaa wa vifaa vya umeme kule Shenzhen, China, ambako unaweza kupata sehemu yoyote ya simu kwa ubora wowote unaoutaka, kuanzia ile ya kiwandani hadi ile ya kudumu wiki. Kwa hiyo simu mbili zinazofanana dukani Kariakoo zinaweza kuwa zimepita mikono tofauti kabisa. Apple wana rifabishi yao wenyewe, yenye betri mpya, gamba jipya na dhamana ya mwaka 1, lakini hawana duka lao Tanzania. Hapa neno hilohilo linabandikwa kwenye chochote kilichofutwa vumbi.

Tulirudi Aggrey tukiwa kikosi: Bibi, Baba watoto, Dada na mimi. Baba mdogo alisema ana udhuru. Kijana wa duka alitusikiliza nusu, akasema tumetumia chaja bandia. Akatoa karatasi ya waranti: mwezi mmoja, haihusu kioo, haihusu betri, haihusu maji. Nilimuuliza inahusu nini basi. Akaangalia pembeni.

Bibi akafungua kipochi chake cha khanga.

Sijui kama nimewahi kuona karatasi ndogo ikibadilisha hewa ya duka namna ile. Risiti ya mashine, tarehe, kiasi, muhuri, na namba ya tarakimu 15 inayolingana na ya simu. Kijana hakuwa na njia ya kusema si mali yake. Baba watoto akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu hali ya bidhaa, na kwamba kumwambia mtu kitu hakijaguswa kumbe kimefunguliwa ni kumpotosha. Aliisoma usiku ule wote wa sufuria, najua kwa sababu taa ilikuwa inawaka. Kijana akasema tusifike huko, akatubadilishia. iPhone 11 nyingine, nyeusi, afya ya betri 91.

Tulifurahi mapema. Simu ya pili ilikaa vizuri, haikuwa ya moto, redio ya Bibi ikarudi kwenye soketi yake. Kisha kijana wa jirani, anayesoma kompyuta, akajitolea kumwekea Dada toleo jipya la iOS kwa kuirejesha simu upya kabisa. Ilipowaka ikatoa maandishi yaliyotunyamazisha wote: simu hii imefungwa kwa mwenyewe, ingiza barua pepe na nywila. Na chini yake, barua pepe yenyewe, herufi ya kwanza ikiwa wazi na nyingine zimefichwa kwa vinukta.

Kufuli hilo lilianza na iOS 7 mwaka 2013. Mwenye simu akiwa amewasha huduma ya kuitafuta, simu ikifutwa haifanyi kazi tena mpaka aingie yeye. Liliwekwa ili simu ya wizi isimfae mwizi. Android nayo ina kufuli lake la aina hiyo tangu 2015. Simu inaweza kukutwa na kufuli bila kuwa ya wizi, kwa sababu tu aliyeiuza alisahau kutoka kwenye akaunti yake. Lakini aliye na simu hiyo mkononi hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

"Mwenyewe anajulikana mpaka herufi ya jina lake," alisema Bibi, "na sisi tumelala na mali yake ndani."

Usiku ule nyumba haikulala. Baba watoto alizunguka sebuleni. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na mwanamke mwenye binti anayekwenda chuo hapendi kusikia neno hilo likitajwa karibu na jina la binti yake. Baba mdogo, ambaye udhuru wake ulikuwa umeisha, alisema anamjua mtu wa kufungua kufuli kwa elfu hamsini. Hapo ndipo nilipomsikia mume wangu akipandisha sauti kwa mdogo wake, jambo ambalo halitokei. Alimwambia, "Hapana. Kama si yetu, hatuifungui." Simu ikazimwa, ikatiwa kwenye bahasha pamoja na risiti, bahasha ikafungiwa kabatini. Ninaiheshimu kauli ile ya mume wangu kuliko mambo mengi aliyowahi kusema.

Safari hii dukani tulimkuta mwenye duka mwenyewe, mtu mzima, mwenye daftari. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliiangalia barua pepe yenye vinukta kwa muda mrefu, akasema ananunua kwa mafungu kutoka Dubai na vijana wake wanazijaribu kwa kuziwasha tu, hawazifuti. Alitoa ahadi ya kurudisha pesa zote au kutupa simu nyingine. Baba watoto alitaka pesa. Dada hakusema neno, alimtazama bibi yake. Bibi akaomba kigoda, akakaa mbele ya kaunta, akasema, "Fungua droo. Nionyeshe iliyoumia."

Mwenye duka hakuelewa.

"Hizi zote unaniambia nzima. Nataka ile ambayo wewe mwenyewe unajua inaumwa wapi. Hata khanga, doti yenye doa dogo tunaikunjua, tunamwonyesha mteja doa, anaamua."

Alifikiri kidogo, akatoa moja kutoka nyuma kabisa. Ilikuwa nyeupe, ina jeraha kwenye kona. Akasema: hii kioo kilipasuka nikakibadilisha mimi, betri ni ya kiwandani lakini imechoka, ina 84, utahitaji kuibadilisha ndani ya mwaka. Haina boksi. Laki tano.

"Hiyo," alisema Bibi.

Hatukuondoka haraka. Fundi wetu alikuwa amemfundisha Dada, na Dada alikaa kwenye kaunta ile kwa utulivu uliomfanya baba yake anyamaze. Alibonyeza *#06#, akatuma namba kwenda 15090 ya TCRA, ya kuhakiki simu, ujumbe ukarudi na jina la simu, likalingana. Alifungua sehemu ya taarifa za simu akasoma namba ya modeli: ilianza na M, maana yake iliuzwa mara ya kwanza ikiwa mpya. Ingeanza na F ingekuwa rifabishi ya kampuni yenyewe, na N ni ile iliyotolewa kumfidia mteja. Sehemu ya vipuri ilisema kioo si cha awali, kama tulivyoambiwa. Sehemu ya laini ilisema hakuna kizuizi cha mtandao, kwa hiyo haikuhitaji kile kikadi cha kudanganyia ambacho wengine hukipachika chini ya laini. Akaweka laini yake, akampigia mdogo wake nyumbani, akamwuliza amekula nini. Akapiga picha kwa kamera zote, mbele na nyuma. Akaichomeka kwenye chaja tuliyokuja nayo. Mwisho kabisa akamwomba mwenye duka aifute yote palepale, mbele yetu, na aianze upya kama ndiyo kwanza inazaliwa. Ilipouliza lugha tu, bila kuuliza mwenyewe ni nani, Baba watoto akatoa mkono wa kuagana.

Mwenye duka aliandika risiti mpya, na bila kuambiwa akaongeza kwa mkono wake: betri 84, kioo kimebadilishwa. Zilizobaki, elfu hamsini, akarudisha taslimu. Baadaye fundi wa Tabata alimwekea Dada betri bora kwa elfu sabini, akamkabidhi na ile ya zamani ili ajue imetoka. Jumla ikawa laki tano na elfu sabini, na sufuria.

Wako watakaosema kisa hiki ni sababu ya kununua mpya siku zote. Sikubaliani nao. Simu ya kwanza haikutuumiza kwa kuwa ilikuwa imetumika, ilituumiza kwa kuwa historia yake ilifutwa ikaandikwa nyingine. Ya tatu imetumika vilevile, imepasuliwa, ina kovu, na inafanya kazi Dodoma kila siku kwa sababu tuliambiwa inaumwa wapi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria humpa mnunuzi wa bidhaa mpya dhamana ya miaka 2 dhidi ya muuzaji, na kwa iliyotumika nchi inaweza kuruhusu ipungue, ila isishuke chini ya mwaka 1. Simu ambayo huko imelindwa kwa mwaka mzima, ikifika kwetu inalindwa kwa mwezi, tena ukiondoa kioo, betri na maji. Hilo halistahili kuvumiliwa katika mji ambao maelfu ya vijana wanasoma, wanafanya biashara na wanatuma pesa kwa simu zilizotumika.

Kwa hiyo nawaomba wenye maduka wa Kariakoo, na wale wanaowasimamia, mistari mitatu tu kwenye kila risiti ya simu iliyotumika: betri ina asilimia ngapi na ni ya wapi, sehemu gani zimebadilishwa, na kwamba akaunti ya mwenyewe wa kwanza imetolewa mbele ya mnunuzi. Muuzaji mmoja alituandikia miwili kati ya hiyo kwa hiari yake, na jirani zetu watatu wameshanunua kwake.